Ngozi ya Zege: Historia ya Kuimarisha Boriti kwa Nyuzi za Kaboni

Neno boriti, ambalo leo mafundi na wahandisi hulitumia kwa mhimili wa zege unaolala juu ya nguzo na kubeba sakafu, lilikuwa kwanza jina la mti wa mkoko uliokatwa katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, ukapakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, na urefu wa mti huo ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za mawe za pwani, ambavyo kwa kawaida havikuzidi mita 3. Jina lilipohama kutoka mti kwenda zege, kazi haikubadilika. Boriti yoyote inayobebeshwa mzigo hupinda, na inapopinda upande wake wa juu hugandamizwa, yaani chembe zake husukumwa zikaribiane, huku upande wa chini, ambao unaweza kuitwa tumbo la boriti, ukivutwa kana kwamba unataka kukatika. Mti huvumilia hali zote mbili. Zege huvumilia ya kwanza vizuri sana, lakini uwezo wake wa kuvutwa ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kugandamizwa, na kwa sababu hiyo Joseph Monier, mtunza bustani Mfaransa aliyepata hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya saruji vyenye waya wa chuma ndani yake, na baada yake François Hennebique, aliyesajili mfumo wake wa zege la chuma mwaka 1892, walikipa chuma kazi ambayo zege haliiwezi. Nondo ziliwekwa tumboni mwa boriti, zege likamwagwa juu yake, na tangu siku hiyo usalama wa jengo ukawa unategemea kitu kisichoonekana tena kwa macho.

Historia inayosimuliwa hapa inaanzia kwenye kutoonekana huko. Nondo zilizofunikwa haziwezi kuongezwa kama ukuti unavyoongezwa kwenye paa linalovuja, wala haziwezi kubadilishwa bila kulivunja zege lenyewe, ilhali sababu za kuzihitaji ziongezwe ni nyingi. Chumvi ya bahari hupenya polepole hadi kwenye chuma, na kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichooza, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Katika nchi za Ghuba, majengo yaliyosimamishwa kwa haraka wakati wa neema ya mafuta ya miaka ya 1970, mengi yakitumia mchanga na maji yenye chumvi, yalianza kupasuka kabla hayajatimiza umri wa kijana. Kwingineko malori yalizidi uzito kuliko yale ambayo madaraja yalikadiriwa kuyabeba, ghala likafanywa kiwanda, au fundi aliyefunga nondo akasahau baadhi yake. Kwa vizazi viwili au vitatu majibu yalikuwa machache na mazito: kuongeza nguzo katikati na kupoteza nafasi, kuivisha boriti koti jipya la zege lenye nondo zake na hivyo kuiongezea uzito uleule unaoielemea, au kubomoa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, wajenzi walichonga mifereji kwenye uso wa sakafu ya daraja lililopungukiwa chuma, wakalaza nondo ndani yake na kuzifukia kwa saruji, na jaribio hilo linastahili kukumbukwa kwa kuwa lilikuwa limeligundua wazo lenyewe, yaani kuweka nje kile kilichokosekana ndani. Lililokuwa halijapatikana ni gundi.

Gundi hiyo ilitoka viwandani mwa Uswisi na Marekani. Pierre Castan nchini Uswisi na Sylvan Greenlee nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walifanya kazi katika miaka ya 1930 na 1940 iliyozaa epoksi, ambayo ni utomvu wa kutengenezwa unaouzwa ukiwa vimiminika viwili vinavyokaa salama vikiwa mbalimbali, lakini vikichanganywa hubadilika na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Sifa iliyowavutia wajenzi ni kwamba epoksi hushika zege kwa nguvu iliyozidi nguvu ya zege lenyewe, kiasi kwamba vipande viwili vilivyogundishwa vikivutwa kwa nguvu, kinachokatika ni zege lililo pembeni mwa kiungo na gundi hubaki nzima. Sifa hiyo ilileta mlango na kizingiti kwa pamoja, maana kuanzia hapo nguvu ya kazi yote isingeweza kuzidi nguvu ya ngozi ya zege, yaani zile milimita chache za juu zinazopokea gundi, na kila hatua iliyofuata katika ufundi huu inaweza kusomwa kama mashauriano na ngozi hiyo.

Mojawapo ya majengo ya kwanza kunufaika kwa namna hiyo lilikuwa barani Afrika. Mnamo 1964 mjini Durban, Afrika Kusini, iligundulika kwamba nondo zilizotakiwa katika boriti za jengo la makazi ziliachwa kimakosa wakati wa ujenzi, na badala ya kubomoa, mabamba ya chuma yaligundishwa kwa epoksi kwenye matumbo ya boriti hizo. Taarifa ya kazi za Afrika Kusini ilisomwa mwaka 1967 katika mkutano wa kimataifa mjini Paris, pale pale ambapo Wafaransa Robert L'Hermite na Jean Bresson walieleza majaribio yao ya zege lililoimarishwa kwa kugundisha chuma, na ni haki kusema kwamba ufundi huu ulizaliwa katika pande mbili za dunia kwa wakati mmoja, upande mmoja ukisukumwa na udadisi wa maabara na upande mwingine ukisukumwa na kosa ambalo wapangaji wasingesubiri lirekebishwe kwa nadharia. Katika miaka iliyofuata mabamba ya chuma yalienea katika madaraja na majengo ya Ulaya na Japani. Nchini Uingereza madaraja ya makutano ya Quinton kwenye barabara kuu ya M5 yaliimarishwa kwa njia hiyo mwaka 1975.

Hata hivyo bamba la chuma lilikuwa na kasoro mbili ambazo hakuna hesabu iliyoweza kuziondoa. Kasoro ya kwanza ni uzito. Bamba lenye urefu wa mita 6, upana wa milimita 200 na unene wa milimita 6 lina uzito wa karibu kilo 57, na kwa kuwa tumbo la boriti hutazama chini, mafundi walipaswa kulinyanyua bamba hilo juu ya vichwa vyao likiwa limepakwa gundi mbichi, kulibana kwa boliti na mihimili ya muda, na kulishikilia lisisogee hata kidogo mpaka gundi ikauke. Boriti iliyozidi urefu wa bamba moja ilihitaji viungo, na kila kiungo kilikuwa udhaifu mpya. Kasoro ya pili ilikuwa kutu, safari hii katika mahali pabaya kuliko pote, yaani kati ya chuma na gundi, ambapo jicho la mkaguzi haliwezi kufika. Adui aliyeharibu nondo za ndani alikuwa amefuata chuma hadi nje.

Wakati wajenzi wakihangaika na mabamba, nyuzi za kaboni zilikuwa zikipita njia yao isiyohusiana kabisa na zege. Thomas Edison alichoma uzi wa pamba na baadaye mianzi ya Japani kuwa kaboni ili kupata utambi wa taa yake ya umeme kati ya 1879 na 1880, lakini nyuzi zake zilithaminiwa kwa mwanga, wala hakuna aliyefikiria kuzivuta. Mwaka 1958 mwanafizikia Roger Bacon, akifanya kazi katika maabara ya Union Carbide karibu na Cleveland nchini Marekani, alipata unyoya mwembamba wa grafiti wenye nguvu iliyoipita ya chuma mara nyingi, na miaka michache baadaye Akio Shindo huko Osaka alionyesha kwamba nyuzi za kiwandani za poliakrilonitrili, ambazo ni jamii ya nyuzi za kufumia masweta, zinaweza kuokwa hatua kwa hatua mpaka kinachobaki kiwe karibu kaboni tupu. Watafiti wa Farnborough nchini Uingereza waliongeza siri iliyokosekana mnamo 1964 kwa kuuvuta uzi wakati wa kuuoka, ili tabaka za kaboni zijipange kufuata urefu wake. Matumaini ya kwanza yaliwekwa kwenye ndege. Rolls-Royce ilitengeneza mapanga ya kaboni kwa injini yake ya RB211, mapanga hayo yakashindwa katika jaribio la kugongwa na ndege wa angani mwaka 1970, na kampuni ikaanguka kifedha mwanzoni mwa 1971. Mwaka huohuo wa 1971 kampuni ya Toray ya Japani ilianza kutengeneza nyuzi hizo kwa biashara, na kwa muda zilizoiweka hai sekta hiyo zilikuwa fito za kuvulia samaki na fimbo za gofu, vitu ambavyo mnunuzi wake yuko tayari kulipia wepesi.

Wepesi huo ndio uliokutana na tatizo la bamba. Uzi mmoja wa kaboni una kipenyo cha takriban sehemu saba za elfu moja za milimita, ambacho ni karibu sehemu ya kumi ya unywele wa binadamu, na ukanda wa kawaida unaotumiwa leo, wenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 1.2, hubeba nyuzi zaidi ya milioni 2 zilizolazwa upande mmoja na kufungwa pamoja kwa epoksi. Ukanda wa namna hiyo wenye urefu wa mita 6 una uzito wa kilo moja na kidogo, huviringishwa kama jamvi, huletwa ukiwa na urefu wowote, na haushiki kutu. Ukivutwa peke yake maabarani hukatika kwa nguvu ya zaidi ya tani 30, ilhali lile bamba la chuma la kilo 57, likiwa la chuma cha kawaida cha ujenzi, huanza kulegea likiwa karibu na tani 29. Bei ya kaboni kwa kilo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya chuma, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyowafanya wajenzi wasiifikirie.

Aliyeifikiria kwa bidii alikuwa mhandisi Urs Meier wa EMPA, taasisi ya taifa ya Uswisi ya kupima vifaa iliyoko Dübendorf karibu na Zürich. Meier aliitazama kaboni kwa macho ya mjenzi wa madaraja, na mwaka 1987 alifikia hatua ya kupendekeza daraja la kuvuka mlango wa bahari wa Gibraltar katika sehemu yake nyembamba, lenye uwazi mkuu wa mita 8,400, kwa hoja kwamba nyaya za chuma za urefu huo zingemaliza nguvu zao zote kwa kujibeba zenyewe. Daraja hilo halikujengwa, lakini hoja yake ilikuwa ileile aliyoileta kwenye boriti. Alisema kwamba bei ya kilo ni kipimo kibaya, kwa sababu gharama kubwa ya kuimarisha hutumika kwenye majukwaa, mashine za kunyanyulia, kufunga barabara na saa za mafundi, na kifaa chepesi hupunguza vyote hivyo. Hii ni hoja ya kiuchumi kuliko ya kisayansi, na pengine ndiyo sababu ilichukua muda kueleweka miongoni mwa watu waliozoea kulinganisha vifaa kwa jedwali la nguvu na bei.

Kilichofuata maabarani kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kilihitaji uvumilivu mkubwa. Hanspeter Kaiser, aliyewasilisha tasnifu yake katika chuo kikuu cha ETH mjini Zürich mwaka 1989, alivunja boriti 26 zenye urefu wa mita 2 na moja yenye urefu wa mita 7, zote zikiwa zimegundishwa kanda za kaboni, na somo kubwa lilitoka katika namna zilivyovunjika. Mara nyingi ukanda haukukatika. Ulibanduka. Ufa wa mshazari ulipojitokeza katika boriti, upande mmoja wa ufa ulishuka kidogo kuliko mwingine, na tofauti hiyo ndogo ikausukuma ukanda utoke kwenye zege kama ganda la ndizi linavyochunwa, ukiondoka na utando mwembamba wa saruji mgongoni mwake. Ile ngozi ya zege ilikuwa imesema neno lake. Nguvu ya tani 30 iliyoandikwa kwenye karatasi za kiwanda haikuwa na maana ikiwa milimita mbili za saruji zilizoishikilia zilijitenga mapema, na tangu hapo mhandisi anayejua kazi yake huhesabu kwanza ni lini ukanda utabanduka, kisha ndipo huuliza ni lini utakatika. Kutokana na somo hilo zilitokea desturi ambazo bado zinafuatwa: kuurefusha ukanda mpaka karibu na nguzo mahali ambapo mvuto ni mdogo, na kuzifunga ncha zake kwa kitambaa cha kaboni kinachoizunguka boriti kwa umbo la mfereji.

Mwaka 1991 ufundi huo ulitoka maabarani. Daraja la Ibach karibu na Lucerne, lililokamilika mwaka 1969 na lenye urefu wa mita 228, ni daraja la zege lililokazwa, yaani lenye nyaya za chuma ndani yake zilizovutwa kwa makusudi ili zilibane zege kabla ya magari kupita. Mafundi waliokuwa wakitoboa zege ili kufunga taa mpya za barabarani walikata kwa bahati mbaya baadhi ya nyaya hizo katika uwazi wenye urefu wa mita 39, na misafara ya mizigo mizito isiyo ya kawaida ikazuiwa kupita. Chini ya daraja ilipita barabara kuu ya A2, ambayo isingeweza kufungwa mchana. Kwa chuma, kazi ingehitaji kilo 175 za mabamba. Kwa kaboni ilihitaji kanda 3, kila moja ikiwa na urefu wa mita 5, upana wa milimita 150 na unene usiozidi milimita 2, na uzito wa zote tatu ulikuwa kilo 6.2. Mafundi walipanda kwenye jukwaa la gari la kunyanyulia usiku, bila kujenga jukwaa la miti wala la mabomba, wakazigundisha kanda hizo kwa mikono. Baadaye gari lenye uzito wa tani 84 lilipitishwa juu ya daraja kuthibitisha kwamba lilikuwa limepona. Ibach huhesabiwa kuwa daraja la kwanza duniani kuimarishwa kwa kanda za kaboni, na thamani yake katika historia hii ni kwamba ugumu ulioshindwa pale ulikuwa wa uzito, usiku na barabara iliyojaa magari, mambo ambayo kila mjenzi aliyefanya kazi mjini anayajua.

Mwaka uliofuata ufundi huohuo ulitumika katika daraja la mbao la Sins juu ya mto Reuss, lililojengwa mwaka 1807 na kufunikwa paa, na hapo ikaonekana faida ambayo haikutarajiwa na wengi: ukanda mwembamba uliweza kuipa nguvu mihimili ya kale bila kubadili sura ya kazi ya mikono iliyokuwa na karibu miaka 200. Japani ilichukua njia nyingine. Wajapani walipendelea vitambaa laini vya kaboni vinavyolowanishwa epoksi palepale kazini, na tetemeko la ardhi la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, lililoua zaidi ya watu 6,400 na kuiangusha kwa ubavu sehemu ya barabara ya juu ya Hanshin yenye urefu wa zaidi ya mita 600, liliwafanya wazizungushie nguzo nyingi vitambaa hivyo, mithili ya bendeji. Kanuni za maandishi zilikuja nyuma ya vitendo, kama kawaida: mwongozo wa Ulaya ulitolewa mwaka 2001, na ule wa taasisi ya zege ya Marekani mwaka 2002.

Miongozo hiyo inastahili kusomwa kwa kile inachokataa. Epoksi inayokauka bila kupashwa moto huanza kulainika inapofikia joto la nyuzi 50 hadi 70 za Selsiasi, kwa hiyo katika moto wa kweli ukanda wa kaboni huacha kushika ndani ya dakika chache, muda mrefu kabla zege halijaathirika, na hata bila moto, ukanda mweusi uliochomwa na jua la tropiki hukaribia kiwango hicho kuliko wenzake wa Uswisi. Kaboni, tofauti na chuma, haijui kulegea na kutoa onyo. Hubeba mpaka mwisho wake na kukatika ghafla. Kwa sababu hizo mwongozo wa Marekani katika toleo la mwaka 2008 ulidai kwamba boriti, kabla ya kuongezewa chochote, iwe tayari na uwezo wa kubeba mzigo wake wa kudumu ulioongezwa sehemu moja ya kumi, pamoja na robo tatu ya mzigo wa matumizi, ili ukanda ukipotea jengo lisianguke juu ya watu. Sharti hili huwaudhi wenye majengo wanaotaka kuokoa boriti isiyookoka, lakini ni sharti la haki, na anayelivuka anawauzia wapangaji wake usalama usiokuwapo. Hali ni mbaya zaidi pale nondo za ndani zinapoendelea kuoza, kwa kuwa ukanda uliogundishwa juu ya zege lenye chumvi huificha kutu na kuifungia unyevu, na kutu hiyo itaiinua ngozi pamoja na ukanda wake. Zege bovu lazima liondolewe, chuma kisafishwe, na sehemu iliyoondolewa ijazwe upya kabla gundi haijafunguliwa.

Katika maeneo ya ujenzi nchini Tanzania husemwa kwamba zege halilali, kwa maana kwamba lililochanganywa asubuhi lazima limwagwe siku hiyohiyo. Epoksi haina hata subira hiyo, kwani katika joto la adhuhuri mchanganyiko unaweza kuanza kugandia ndooni kabla saa moja haijatimia. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla: uso wa boriti husagwa au kupulizwa mchanga mpaka utando laini wa saruji utoke na kokoto zianze kuonekana, mavumbi hunyonywa kwa mashine, mabonde hujazwa, na unyevu hupimwa. Kisha huja jaribio ambalo ni dogo kuliko yote na ambalo hakuna fundi anayeruhusiwa kulikwepa. Kisahani cha chuma chenye upana wa sentimita chache hugundishwa kwenye zege, zege linalokizunguka hukatwa kwa duara ili kisahani kisisaidiwe na jirani zake, na kifaa cha mkono hukivuta polepole mpaka king'oke. Mwongozo wa Marekani unataka uso huo uhimili angalau megapaskali 1.4, ambazo ni karibu kilo 14 kwa kila sentimita ya mraba. Mkaguzi husoma namba, halafu hukigeuza kisahani na kukitazama mgongoni. Kikiwa kitupu na king'avu, gundi ndiyo iliyoshindwa na kazi hurudiwa. Kikiwa kimebeba kipande cha zege chenye kokoto zilizokatika katikati na namba ikawa imetimia, ukanda huletwa, huviringuliwa, na kupakwa gundi.